3D Slicer na kiendelezi cha SlicerVMTK: tathmini ya programu ya kufuatilia mishipa ya damu, kutoka Moshi

Programu ya 3D Slicer, ikiongezewa kiendelezi chake kiitwacho SlicerVMTK, ni chombo bora sana cha kupima mshipa wa damu ambao mtaalamu amekwisha kuuona kwa macho yake katika picha za CT-Scan, na ni chombo kisichofaa kabisa kumhakikishia mtaalamu huyo kwamba mshipa fulani haupo. Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza tathmini hii yote, kwa kuwa nimeona hapa Moshi wanafunzi wa radiolojia na madaktari walio katika mafunzo ya vitendo wakivutiwa na picha nyekundu ya mishipa inayozunguka kwenye kioo cha kompyuta, wakasahau kurudi kwenye vipande vya kijivu, yaani picha za mikato ya mwili, ambako picha hiyo imetoka. Picha ile inapendeza, na kazi iliyomo ndani yake ni ya kuheshimika, lakini tawi lisiloonekana humo linaweza kabisa kuwa lipo mwilini mwa mgonjwa.

Nianze na gharama, maana ndilo swali la kwanza la kila idara. Programu hii ni ya bure, haidai leseni ya mwaka, haina toleo la kulipia lililofichwa nyuma ya lile la bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadilisha. Chimbuko lake ni ushirikiano wa hospitali ya Brigham and Women's na chuo cha MIT, katika eneo la Boston nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kiendelezi cha SlicerVMTK kinaleta ndani yake maktaba ya msimbo iitwayo VMTK, iliyoanzishwa na Luca Antiga na David Steinman, watafiti ambao haja yao kubwa ilikuwa kuelewa namna damu inavyopita katika mishipa iliyopinda au iliyoharibika. Kwa idara ambayo kompyuta maalumu iliyokuja na mashine ya CT-Scan ni moja tu, na daktari bingwa, wataalamu wa mionzi na wanafunzi wote wanaisubiri, kuwa na programu ya namna hii kwenye kompyuta ya kawaida ni msaada wa kweli.

Programu inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Faili la kuisakinisha ni la megabaiti mamia kadhaa, kisha kiendelezi kinapakuliwa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo ni vyema kazi hiyo ifanyike mahali penye intaneti ya uhakika, mtu asitegemee bando la simu. Kuhusu nguvu ya kompyuta, mwongozo unashauri kuwa na RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) takribani mara 10 ya ukubwa wa picha zinazofunguliwa. Tukichukua kipimo cha tumbo chenye vipande 600, kila kipande kikiwa na pikseli 512 kwa 512 na kila pikseli ikichukua baiti 2, jumla ni kama megabaiti 315, na hivyo kazi hiyo peke yake inadai gigabaiti 3 hivi. Kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 8, ambayo mtu anaweza kuipata katika maduka ya kompyuta za mtumba ya Moshi au Arusha, inatosha kuanzia, ingawa gigabaiti 16 huleta utulivu mkubwa zaidi pale hatua za baadaye zinapoanza.

Jambo jingine ambalo kwangu lina uzito ni kwamba kazi yote hufanyika ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Faili la DICOM, ambao ndio muundo wa kuhifadhi picha za hospitali, halibebi picha peke yake, bali linabeba pia jina la mgonjwa, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya hospitali, na huduma nyingi za kisasa za kuchambua picha zinataka faili hilo lipelekwe kwenye seva iliyo nchi nyingine. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, idara inayotuma picha za wagonjwa nje ya nchi inapaswa kujua inafanya nini na kwa idhini ya nani. Ukiwa na 3D Slicer, waya wa intaneti unaweza kuchomolewa kabisa na kazi ikaendelea. Anayetaka kujifunza tu hana hata haja ya picha za mgonjwa, kwa sababu programu ina sehemu ya kupakua picha za mfano, na miongoni mwake kipo kipimo cha CT-Scan cha tumbo kilichopigwa kwa dawa ya kontrasti (dawa inayodungwa ili damu ing'ae kwenye picha), ambacho kinafaa sana kufundishia.

Kufuatilia mshipa kunaanza na kuutenga na vitu vilivyouzunguka. Katika CT-Scan kila nukta ya picha ina thamani ya Hounsfield, yaani kipimo cha jinsi sehemu hiyo inavyozuia mionzi, ambapo hewa ni takribani -1000, maji ni 0, na damu iliyochanganyika na dawa ya kontrasti katika ateri kubwa (mishipa inayotoa damu moyoni), endapo picha zimepigwa kwa wakati unaofaa, huwa kati ya 200 na 400 au zaidi. Mtumiaji anachagua kizingiti, tuseme 180, na programu inapaka rangi kila nukta iliyo juu ya hapo. Hapo ndipo mwanafunzi anakutana na tatizo la kwanza, maana uti wa mgongo nao unapakwa rangi, pamoja na mbavu, figo zilizokwisha kupokea dawa, na chokaa iliyojikusanya kwenye kuta za mishipa ya wazee. Programu inatoa zana za kusafisha: mkasi wa kukata vipande visivyotakiwa, zana ya kubakiza kisiwa kimoja na kufuta vingine, na ile ninayoipenda kuliko zote, ya kupanda mbegu, ambapo mtumiaji anachora kidogo ndani ya mshipa na kidogo ndani ya mfupa, kisha programu inakuza sehemu hizo mbili hadi zikutane kwenye mpaka. Zana hii inahitaji mkono uliotulia na macho yanayopitia kila kipande, na ubora wa kila hatua inayofuata unategemea uangalifu uliotumika hapa.

Ndani ya kiendelezi kipo pia kichujio kinachotokana na kazi ya Alejandro Frangi na wenzake ya mwaka 1998, ambacho ni maarufu katika fani hii yote. Kichujio hicho kinauliza katika kila nukta ya picha jinsi mng'ao unavyobadilika kuelekea pande tatu. Ndani ya mshipa, ukienda kwa kufuata urefu wake, mng'ao haubadiliki sana, lakini ukienda upande mwingine wowote, unaporomoka ghafla. Nukta yenye tabia hiyo hupewa alama kubwa, na nyingine hufifishwa. Mtumiaji anataja upana wa mishipa anayoitafuta, kutoka mdogo hadi mkubwa, na kichujio kinarudia swali lake katika kila kiwango cha upana. Kwa mishipa myembamba iliyonyooka, matokeo yake ni mazuri kiasi cha kushangaza, na yanaibua matawi ambayo kizingiti peke yake kilikuwa kimeyapoteza.

Hata hivyo, kichujio kinachopenda umbo la bomba kina udhaifu ambao kila mtumiaji lazima aujue kabla ya kukiamini. Mahali mshipa unapogawanyika matawi mawili, umbo si bomba tena, na alama zinashuka, hivyo mti wa mishipa hutokea ukiwa na mapengo kwenye viungo vyake. Baya zaidi ni kwamba mshipa uliotanuka na kuwa mviringo, hali inayoitwa aneurizimu, nao si bomba, na kichujio kinaufifisha. Maana yake ni kwamba ugonjwa wenyewe, ambao pengine ndio uliomleta mgonjwa kutoka Same au Rombo, ndio unaoondolewa kwenye picha na chombo kilichowekwa ili kuonyesha mishipa. Kwa sababu hiyo nawashauri wanafunzi wakitumie kichujio hiki kwa matawi membamba tu, na mshipa mkuu, yaani aota, wautenge kwa mbegu, kisha waunganishe sehemu hizo mbili.

Baada ya kutenga, inafuata hatua ambayo ndiyo fahari ya SlicerVMTK, yaani kuchora mstari wa kati wa mshipa. Mtumiaji anaweka alama kwenye mwanzo na kwenye ncha za matawi, au anaiachia programu itafute ncha hizo, kisha programu inatafuta njia kutoka alama moja hadi nyingine. Kila nukta ndani ya mshipa ina tufe kubwa kuliko yote linaloweza kuenea hapo bila kuvuka ukuta, na gharama ya kupita katika nukta hiyo huhesabiwa kwa kugawa 1 kwa nusu kipenyo cha tufe hilo. Njia yenye gharama ndogo kuliko zote ndiyo inayochaguliwa, na kwa hiyo inakaa mbali na kuta. Mtu anayeshuka ndani ya mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, usio na maji kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akitaka mabega yake yasiguse kingo, atajikuta anafuata mstari uo huo, hata pale mfongo unapopinda na kubana. Uzuri wa njia hii ni kwamba haibahatishi: ukiipa umbo lile lile na ncha zile zile, inarudisha mstari ule ule, leo na mwaka ujao, iwe kompyuta iko Moshi au Mwanza. Wapimaji wawili wanaotumia rula ya kompyuta kwa mkono hawawezi kuahidi hilo.

Mstari huo unatatua tatizo kubwa ambalo wengi hawalipi uzito unaostahili. Aneurizimu ya mshipa mkuu tumboni hutambuliwa kipenyo kinapofika sentimita 3, na kwa kawaida upasuaji hufikiriwa kwa mwanamume kinapofika sentimita 5.5 na kwa mwanamke kinapofika takribani sentimita 5. Maamuzi makubwa kiasi hicho yanategemea milimita chache. Sasa mshipa mkuu wa mzee mara nyingi umepinda, na kipande cha mlalo cha CT-Scan kinaukata mshazari. Mshipa wenye kipenyo halisi cha sentimita 4, ukilala kwa pembe ya digrii 45, utaonekana kwenye kipande cha mlalo kama duaradufu yenye urefu wa karibu sentimita 5.7, na mgonjwa ambaye alipaswa kufuatiliwa tu kwa vipimo vya kila mwaka ataonekana amevuka mpaka wa kupasuliwa. Hata pembe ya digrii 30 inatosha kuifanya sentimita 4 isomeke 4.6. Wapimaji wazoefu hujihadhari kwa kupima upande mfupi wa duaradufu, na mara nyingi inasaidia, isipokuwa pale ambapo mshipa wenyewe umetanuka upande mmoja kweli, kwani hapo upande mfupi unaficha ugonjwa. Programu ikishapata mstari wa kati, inakata mshipa kwa usawa wa kweli, wima kwa mwelekeo wa mshipa wenyewe, katika kila hatua ya safari, na kuchora grafu ya kipenyo kutoka juu hadi chini. Mtumiaji anasogea hatua kwa hatua kufuata mstari na kipande husika kinafunguka mbele yake. Kwa kazi hii moja peke yake ningeisakinisha programu hii katika kila idara ya radiolojia ya kanda ya kaskazini.

Lakini mtu asome vizuri ni kipenyo gani anachopewa, kwa kuwa jedwali lina zaidi ya kimoja. Kipenyo cha tufe la ndani kinategemea mahali pembamba kuliko pote, na kipenyo kinachotokana na eneo la mkato kinachukulia kwamba mshipa ni duara lenye eneo hilo. Katika mshipa wa duara kamili, namba hizo hukubaliana. Katika mshipa wa duaradufu wenye upana wa sentimita 3 kwa 5, tufe la ndani linasoma sentimita 3, hesabu ya eneo inasoma takribani 3.9, na daktari bingwa wa upasuaji anayetaka kipenyo kikubwa kabisa anasubiri kuambiwa 5. Namba zote tatu ni sahihi, na ripoti isiyosema ni ipi iliyotumika inaweza kumpeleka mgonjwa mahali pasipo pake.

Kuna jambo la hatari kuliko hilo. Dawa ya kontrasti huangaza damu inayotembea tu. Ndani ya aneurizimu kubwa mara nyingi kuna tabaka nene la damu iliyoganda kando ya ukuta, ambalo dawa haiingii, na kizingiti kikishatenga sehemu inayong'aa, tabaka hilo linabaki nje. Mshipa uliotanuka hadi sentimita 6 kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje unaweza kuwa na njia ya damu ya sentimita 3.5 tu, na grafu nzuri ya programu itaonyesha hiyo 3.5 bila alama yoyote ya onyo. Programu haijakosea, kwani imepima kile ilichopewa. Anayeijua kazi yake atatenga tabaka la damu iliyoganda kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa kuwa mng'ao wake unakaribiana mno na wa misuli na utumbo ulio jirani, kisha ataliunganisha na njia ya damu kabla ya kupima. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe.

Vivyo hivyo mstari wa kati unaweza kupotea pale mishipa miwili inapogusana. Ateri ya wengu hujizungusha mara kadhaa kabla ya kufika wengu wenyewe, na mizunguko yake ikikaribiana sana, utengaji usio makini unaziunganisha kuta zake. Programu ikitafuta njia yenye gharama ndogo itaruka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, na urefu wa mshipa utasomeka mfupi kuliko ulivyo. Ateri na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zinazolala bega kwa bega kwenye nyonga huleta shida ya aina hiyo hiyo endapo picha zilichelewa kupigwa na vena nazo zimeanza kung'aa. Dawa yake ni kuzungusha umbo polepole na kutazama kila mahali ambapo mstari unapinda ghafla bila sababu ya kimaumbile.

Sasa nirudi kwenye onyo la mwanzo, kuhusu mishipa isiyoonekana. Takribani mtu mmoja kati ya wanne ana ateri ya ziada inayokwenda kwenye figo mojawapo. Kwa mtu wa kawaida hilo halina madhara yoyote, na pengine ataishi na kufa bila kujua. Kwa mtu anayejitolea figo kwa ndugu yake ni habari kubwa, kwa sababu mpasuaji anayekata figo akidhani ina ateri moja, kumbe zipo mbili, anaweza kusababisha damu nyingi kumwagika au sehemu ya figo kukosa damu baada ya kupandikizwa. Tangu upandikizaji wa figo ulipoanza kufanyika hapa nchini, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, kuhesabu ateri za figo kumekuwa kazi inayogusa familia za Kitanzania moja kwa moja. Ateri hizo za ziada mara nyingi ni nyembamba, za milimita 2 au 3, na hapa ndipo unene wa vipande unapoamua kila kitu. Katika vipande vya milimita 1, ateri ya milimita 2 inayopita mlalo inaonekana. Katika vipande vya milimita 5, mng'ao wake unachanganyika na wa mafuta yanayoizunguka, thamani yake inashuka chini ya kizingiti, na programu inachora mti safi usio na tawi hilo.

Nimewahi kupokea picha kutoka hospitali ambayo sitaitaja, mgonjwa akiwa amepigwa kipimo kizuri kwa dawa ya kontrasti, lakini kwenye diski vilihifadhiwa vipande vinene pekee, na vile vyembamba vilikuwa vimekwisha kufutwa ili kuokoa nafasi. Hakuna programu yoyote duniani inayoweza kurudisha kilichofutwa. Mgonjwa alilazimika kurudia kipimo, kwa maana ya mionzi mara mbili, dawa mara mbili na malipo mara mbili. Ndugu zangu wataalamu wa mionzi wanaosoma haya, naomba sana: hifadhini vipande vyembamba, hata kama ripoti ya siku hiyo imeandikwa kwa kutazama vile vinene.

Wapo watakaouliza kuhusu TotalSegmentator, ambayo nayo hupatikana kama kiendelezi cha 3D Slicer. Hii imetengenezwa na watafiti wa hospitali ya chuo kikuu cha Basel, Uswisi, kwa akili unde iliyofundishwa kwa vipimo 1,204 vya CT-Scan, na toleo lake la kwanza lilitenga viungo na sehemu 104 za mwili bila mtumiaji kuchora chochote, ukiwemo mshipa mkuu, vena kubwa ya chini na ateri za nyonga. Inafurahisha na inaokoa muda mwingi katika kutenga mshipa mkuu. Hata hivyo, ateri za figo hazimo katika orodha hiyo ya mwanzo, picha hupunguzwa hadi nukta za milimita 1.5 kabla ya kuchambuliwa, au milimita 3 ukichagua njia ya haraka, na usakinishaji wake unavuta gigabaiti kadhaa za nyongeza. Bila kadi ya michoro yenye nguvu, kusubiri ni kwingi. Mimi naitumia kupata umbo la kwanza la mshipa mkuu, kisha nalirekebisha kwa mkono na kulipeleka kwenye hatua ya mstari wa kati.

Kuhusu uthabiti, programu haina tabia ya kuzimika ovyo, isipokuwa ukiipa umbo ambalo uso wake umeundwa kwa pembetatu nyingi kupita kiasi, na kwa hilo kipo chaguo la kulirahisisha kwanza. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi imekwenda, hivyo betri nzima ya kompyuta mpakato au UPS ni lazima. Maelezo mengi ni ya Kiingereza, na menyu ni nyingi kiasi kwamba anayeanza anahitaji mtu wa kukaa naye mwanzoni. Baada ya hapo jumuiya ya watumiaji huko mtandaoni hujibu maswali kwa ukarimu mkubwa. Wahandisi vijana wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, wanaojua lugha ya kompyuta ya Python, watafurahia kuona kwamba karibu kila hatua inaweza kuandikwa kama hati ndogo ya amri na kurudiwa kwa vipimo vingi.

Watengenezaji wenyewe wanasema wazi kwamba 3D Slicer haijaidhinishwa kwa matumizi ya kitabibu na kwamba imekusudiwa utafiti. Hilo haliizuii kufundishia au kumsaidia daktari kufikiri, lakini wajibu wa namba inayoingia kwenye ripoti unabaki kwa daktari aliyetia sahihi. Kwa hiyo kila ripoti inayotumia vipimo vya programu hii inapaswa kutaja unene wa vipande, kusema kama kipenyo ni cha njia ya damu au cha ukuta hadi ukuta, kusema ni kipenyo cha aina gani, na kutaja mahali kilipopimwa kwa umbali kutoka alama isiyohama, kama vile ateri ya chini kabisa ya figo. Na sentensi inayohesabu ateri iandikwe tu baada ya mtu kupitia vipande vyembamba kwa macho, kutoka juu ya figo hadi kwenye mgawanyiko wa nyonga, pande zote mbili.

Jambo la mwisho ambalo wengi hulipuuza ni kuhifadhi. Programu inaweza kufunga picha, umbo lililotengwa, mstari wa kati, alama na majedwali katika faili moja. Mgonjwa mwenye aneurizimu ya sentimita 4 hadi 4.9 kwa kawaida hurudi baada ya mwaka mmoja, na mwenye sentimita 5 hadi 5.4 baada ya miezi 6, na swali linaloulizwa siku hiyo ni kama mshipa umekua. Faili la mara ya kwanza likiwepo, anayepima anafungua vipimo viwili kwa pamoja na kukata mshipa mahali pale pale, kwa pembe ile ile, kwa kipenyo cha aina ile ile, hata kama aliyepima mwanzo amekwisha kuhamia kituo kingine. Lipewe jina kwa namba ya utafiti isiyomtambulisha mgonjwa, na liwekwe kwenye diski ya idara, lisibaki kwenye kompyuta ya mtu binafsi.